Mlio wa Saa ya Idi

Zaituni, mwanangu unayenichosha,

Hii barua naiandikia dukani, juu ya kaunta, na karatasi imeshaingia unga. Nimekuona ukipita na sanduku lako ukijifanya hunioni. Sawa. Na mimi nimejifanya nahesabu sabuni. Kesho asubuhi unaondoka nyumbani kwenda kuishi Nairobi, na sisi wawili tunapishana mlangoni kama wapangaji waliogombania kamba ya nguo. Yote kwa sababu ya simu ya kwenye TV! Haki mtu akisikia atatucheka mpaka mbavu zimuume.

Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango sikuandikii. Kama miaka yote hii hayajakuingia, karatasi haitasaidia. Nakuandikia juu ya simu, kwa sababu huko unakokwenda kazi yako ni kutengeneza milio ya mchezo wa TV, na kwa sababu kuna neno moja nataka kukuomba. Lakini kwanza acha nitoe hasira yangu. Nisipoitoa haitaniachia nafasi ya kuandika mengine, wewe unanijua.

Simu za kwenye mchezo wenu si simu. Nimesema na narudia. Simu inalia, haijamaliza hata pumzi ya kwanza, mtu ameshainua. Na anayeinua ndiye huyohuyo anayetafutwa! Jumanne zote hizi za mchezo wenu hajatokea hata mtu mmoja aambiwe, "Ameenda kusaga mahindi, piga baadaye." Laini haikwaruzi. Namba haikosewi. Kisha wanasema maneno matatu, pa! chini. Hakuna kwaheri, hakuna nisalimie watoto. Wewe mtoto uliyelelewa kwenye duka lenye simu, ulishamwona nani hapa Kimbo akakata simu kabla hajaulizia mvua, mahindi, na yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa?

Simu yetu hii nyeusi, yenye kufuli kwenye namba zake, wewe ndiye ulikuwa miguu yake. Ilikuwa ikilia, mimi nainua, mtu anasema anamtaka Mama Njoki. Namwambia akate, apige tena baadaye kidogo. Wewe huyoo, unakimbia mpaka kwenye mabati ya kijani, unapiga kelele, "Mama Njoki, simu yako!" na mtaa mzima unajua. Naye hakuwa anakuja hivihivi. Ilikuwa lazima abadilishe kitambaa cha kichwa kwanza. Siku moja nikamuuliza, kwani huyo wa kule anakuona? Akaniambia, "Mama Idi, sauti ya mtu amefunga kitambaa kichafu inajulikana." Akaja, akakaa kwenye kreti ya soda, akaitazama simu, na kila aliyekuja kununua chumvi akakaa pia, asikie mwisho wake. Simu ni hiyo. Ni kungoja. Hicho ndicho nyinyi mmekikata mkatupa.

Ngoja, kuna mtu anataka mafuta ya taa.

Nimerudi. Sasa tuje kwa ile simu ya mkononi ya yule tajiri wenu wa kwenye mchezo. Nataka uelewe vizuri kilichonipata siku ile, kwa maana wewe uliona hasira tu.

Mimi nilijua unakwenda Thika, kwenye ule ukumbi wanakorekodia, kupiga pasi nguo za waigizaji. Ulikuwa ukilala hukohuko, Majengo, kwa bibi yako, unarudi umechoka, unacheka peke yako. Hukunieleza kitu kingine. Basi Jumanne ile tumekaa hapa, duka limejaa, Mama Njoki mbele na soda yake, kila mtu amenyamaza kwa sababu tajiri ametia mkono kwenye koti. Akatoa hiyo simu yake isiyo na waya. Watu wakasema "Haiya!" maana hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Na ikalia.

Tii-tii. Tii-tii. Kisha ikakohoa.

Zaituni! Watu wote pale walisikia simu ya tajiri. Mimi nilisikia saa ya mkono ya Idi, kaka yako. Nani mwingine ana saa inayokohoa? Si ndiyo ile aliyoingia nayo mto Chania akijionyesha kwa wenzake, ikanywa maji, na tangu siku ile kila mlio wa tatu unakwama kooni? Miaka mingapi saa hiyo imeniamsha alfajiri? Nilikuwa namsikia akiipapasa gizani, akiizima, akilala tena, nami nampigia kelele kutoka jikoni. Na siku aliyokwenda Mombasa akakuvalisha wewe mkononi, usichelewe shule.

Ndipo nikapiga kelele, "Zima! Hiyo ni saa, si simu! Mnatufanya wajinga?" Mama Njoki akamwaga soda. Wewe ukasimama pale mlangoni uso umekauka. Ukaniambia baadaye kwamba simu waliyokuwa nayo ilikuwa ganda tupu, halina hata betri, kwamba wote walikuwa wamekwama, na wewe ndiye uliyefikiria saa, ukaishika karibu na kipaza sauti, na ndiyo maana yule mkubwa wao amekupa kazi ya kudumu. Ulikuwa unangoja nifurahi. Mimi nikakwambia mambo ya uongo na ukweli kama hakimu. Ukajibu, "Mama, ni mlio tu." Hapo ndipo tulipokosana.

Haikuwa mlio tu, na wewe ulijua. Lakini sikukwambia kilichokuwa moyoni kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijakitazama. Acha nikitazame sasa, kabla mteja mwingine hajaja.

Idi alipokwenda Mombasa alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Unakumbuka. Kile ambacho hukijui ni kile nilichokuwa nasikia, maana kipande cha simu kilikuwa kwenye sikio langu, si lako. Mtu aliyejibu simu za mtaa mzima kama mimi hujifunza kusikiliza nyuma ya sauti. Mwingine anasema yuko safarini na nyuma yake nasikia santuri ya baa ya hapa karibu, Ruiru. Idi aliniambia amepata kazi ofisini, anaandika mizigo ya Wahindi. Na nyuma yake nikasikia sarafu zikianguka kwenye kibanda cha simu, mtu akigonga kioo, na sauti ya mwanamume ikisema, "Wewe kijana, toa mkokoteni wako hapa!"

Nilijua palepale. Mwanangu anasukuma mkokoteni. Kuna ubaya gani? Babu yako alisukuma mkokoteni Thika mpaka akajenga. Ningeweza kusema, Idi, baba, mgongo wako wauonaje? Maneno hayo tu. Lakini duka lilikuwa limejaa, wote wananitazama mdomo. Nikasema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi! Ofisini! Nyinyi, Idi yuko ofisini!" Watu wakapiga makofi. Naye kule akasikia yale makofi.

Ijumaa iliyofuata wakaja mapema kukaa. Ulikuwa huoni, Zaituni? Walikuwa wakija kama wanavyokuja kwa mchezo wenu. Idi anasema mkubwa wake anampenda, duka linasema "eeh!" Idi anasema ataongezwa mshahara, Mama Njoki anauliza, je, ameshapata mchumba? Nami namuuliza, naye kwa aibu anaunda mchumba. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimfanya mwanangu mchezo wa kila Ijumaa, na mchezo ukishaanza watu wanataka ukue. Hadi siku ile akasema kazini wanampa simu ya mkononi. Aai! Duka lililipuka. Nikapiga kelele, "Tupe namba basi, baba, tukupigie sisi!" Nikasikia sarafu ya mwisho ikishuka. Akasema, "Nitawaletea Ijumaa, Mama."

Ijumaa hiyo hakupiga, wala iliyofuata. Sasa unajua kwa nini hapigi. Umekuwa ukiniuliza mwaka mzima na zaidi, nami nakujibu ati laini za Mombasa ni mbovu. Laini ni nzima. Hana namba ya kutupatia, ndiyo maana. Baba yako alikwenda kumtafuta, unakumbuka alivyorudi, hakula siku nzima. Alipofika pale Idi alipokuwa akilala, wenzake walisema amehama. Walisema ni mzima, tena mchapakazi. Lakini amehama.

Kwa hiyo ninaposhinda hapa nalalamika simu za kwenye TV hazina kelele nyuma ya sauti, usidhani mama yako ni mjuaji. Inanitia wazimu! Mtu anamwambia mamake "mimi sijambo" na nyuma yake hakuna hata jogoo. Mama wa mchezoni atajuaje?

Tena umesikia kioja cha mwenye nyumba? Mzee Karanja, yule tunayemlipa kodi, amenunua simu ya mkononi ya kweli. Alikuja nayo hapa juzi kuionyesha, ameishika mbele yake kama yai. Ikalia. Ikapiga wimbo, mwanangu, wimbo mzima wenye kupanda na kushuka! Na unajua watu walifanya nini? Walicheka. Mama Njoki akamwambia, "Mzee, wamekuuzia kitu ya watoto. Simu ya ukweli inalia tii-tii halafu inakohoa." Mzee wa watu akaitazama simu yake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kununua sigara. Nilitaka kumtetea, lakini siku ile nilipopiga kelele kwamba ni saa hakuna aliyeniamini. Ningesema nini? Kwamba ile wanayoiita simu ya ukweli ni saa ya mtoto wangu iliyonywa maji?

Na mimi, badala ya kuacha maneno yaishe, nikaharibu zaidi. Yule mkubwa wako alipokuja na miwani yake kutuomba ruhusa uhamie studio yao ya Nairobi, kistaarabu kabisa, akanywa chai yangu, nikamwambia mchezo wake ni mzuri ila mlio wa simu ni wa uongo na ni aibu kwa watu wazima. Nilimwambia mbele yako. Ulikuwa unanikanyaga mguu chini ya meza. Yeye wala hakukasirika. Alisema, "Mama ana haki. Tutatafuta mlio wa kweli."

Nikajiona nimeshinda! Mjinga mimi.

Jana ukaja, ukaiweka saa hapa kwenye kaunta, karibu na mizani. Ukaniambia, "Umeshinda, Mama. Kazi yangu ya kwanza ni kurekodi simu ya kweli, waitoe hii. Chukua saa ya mwanao." Niliikodolea macho tu. Ulidhani ni kiburi. Haikuwa kiburi. Kisha ukaanza kupanga nguo zako, na mimi nikaanza kuhesabu sabuni ambazo zimeshahesabiwa.

Sasa sikiliza kilichotokea leo asubuhi. Simu ililia, mpwa wake Mama Njoki, yule anayepika chapati kwenye hoteli moja ya Mombasa. Nikamtuma mtoto wa jirani akamwite Mama Njoki, maana miguu ya simu inahama. Wakati tunangoja nikamwambia asikate, tuzungumze. Nyuma yake nilisikia vikombe, sufuria, watu wengi. Nikamuuliza, kwani hapo hotelini mna TV? Akacheka. "Mama Idi, Jumanne hapa hata pa kusimama hakuna. Wasukuma mikokoteni wote wa mtaa wanaingia. Tajiri akitia mkono kwenye koti, hata mimi naacha chapati iungue."

Wasukuma mikokoteni wote.

Nilimwachia Mama Njoki simu, nikaingia stoo, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Baba yako alinikuta nimekaa juu ya gunia la sukari akadhani nimepandwa na presha. Nilipomweleza akakaa na yeye. Kisha akasema, "Yule akiisikia ataijua." Basi.

Huku mimi nimekwenda kudai itolewe! Zaituni, unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa na haki na bado akajikata mkono mwenyewe?

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na linanitoka kwa shida kwa sababu nimelipigania kinyume chake miezi yote hii. Mwambie mkubwa wako asiutoe ule mlio. Mwambie mama yako ni mshamba, hajui kitu, alikuwa na maumivu ya kichwa siku ile. Mwambie mwenye nyumba wetu anayo simu ya kweli na watu wameicheka. Mwambie chochote. Kama lazima wautoe, basi wakupe Jumanne moja ya mwisho. Na hiyo Jumanne, nakuomba, mshike yule tajiri mkono. Asiipokee upesi. Akitia mkono kwenye koti asiipate, atafute mfuko mwingine, amwangushie mtu chai, mimi sijui, nyinyi ndio wenye mchezo. Wewe iache ilie. Ikohoe. Ilie tena ikohoe tena, mpaka mtu aliyekaa nyuma kabisa, aliyechoka na kazi ya kutwa, mwenye kichwa mezani, ainue kichwa.

Atajua ni yake. Na atajua wewe ndiye uliyekuwa nayo mkononi. Atakutafuta wewe kabla yangu, na hilo ni sawa. Mimi alinikimbia. Akikutafuta usimuulize kazi, usimuulize namba. Muulize mgongo.

Saa iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kitambaa. Niliipeleka kwa fundi pale stendi akaiwekea betri mpya. Akaniambia, "Mama, hii ina kutu ndani, nikuondolee huo mkwaruzo?" Nilimpigia kelele mpaka akadondosha bisibisi. Itabidi nirudi kumwomba radhi.

Na wewe mwenyewe, neno moja tu. Nimesikia huko studio mmezungushia magodoro ukutani ili isiingie hata sauti ya nzi. Ni kazi yenu, sawa. Lakini usinipigie kutoka humo. Nikikusikia ukisema sijambo na nyuma yako kimya, sitalala. Nenda barabarani. Nenda kwenye kibanda, watu wapige foleni nyuma yako wakugombeze, makanga wa matatu wapige kelele, mvua ikunyeshee kidogo. Nikisikia kitu nyuma ya sauti yako nitakuuliza, na safari hii nitauliza polepole. Nimeshawaambia watu wa hapa: simu ya Zaituni ikija, duka linafungwa. Mama Njoki amenuna. Anune.

Sasa naona unapita tena na lile sanduku. Unatembea polepole mno kwa mtu asiyetaka kuitwa. Nitakunja karatasi hii, nikuite uje unywe chai, na usiponiitikia mara ya kwanza nitangoja, nikuite tena.

Mama yako,
nyuma ya kaunta, Kimbo